Mignonnes: filamu iliyohukumiwa kwa bango lake

Kila mjadala kuhusu watoto na mitandao ya kijamii unapopamba moto, haupiti muda kabla mtu hajaitaja filamu ya Kifaransa iitwayo Mignonnes, ambayo nje ya Ufaransa inajulikana zaidi kwa jina la Cuties. Anayeitaja huitaja kama ushahidi: kwamba Netflix ilitengeneza filamu ya kuwachezesha watoto wa kike ngoma za kikubwa, kwamba Wazungu wameishiwa haya, na kwamba Marekani yenyewe iliipiga marufuku. Dai la kwanza na la tatu si kweli. La pili linasahau kwamba aliyeiandika na kuiongoza, Maïmouna Doucouré, ni mwanamke mweusi aliyezaliwa Paris kwa wazazi wahamiaji kutoka Senegali, akakulia katika familia ya baba mmoja na wake wawili, na kwamba mambo anayoyasimulia yako karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili kuliko na wanasiasa wa Texas walioyapigia kelele.

Makala haya hayakusudii kumshawishi mtu aipende filamu hiyo. Zipo sababu nzito za kuitilia shaka, nami nitazieleza bila kuzipunguza. Kinachosumbua ni kwamba vitu vilivyo tofauti kabisa vimefungwa katika furushi moja, yaani hadithi yenyewe, bango lililoitangaza, matunzo ya watoto walioigiza na kesi iliyofunguliwa Marekani, na sasa mtu akiulizwa anapinga nini hasa, hajui aanzie wapi kulifungua.

Tufafanue kwanza maneno mawili. Filamu ya makuzi ni ile inayomfuata mtoto katika kipindi cha kubaleghe, anapoanza kuutambua mwili wake na, papo hapo, kugundua kwamba watu wazima wa nyumbani kwao si wakamilifu kama alivyodhani. Ufaransa ina mazoea ya miaka mingi ya kutengeneza filamu za namna hii, na kwa kawaida haziwafichi watazamaji mambo ambayo familia nyingi huyamaliza chumbani: wivu, usaliti, talaka, aibu. Neno la pili ni kumkuza mtoto kimapenzi kabla ya wakati wake, yaani kumvisha, kumpamba, kumpiga picha au kumchezesha kwa namna inayomfanya atazamwe kwa jicho la tamaa, jicho ambalo mtoto mwenyewe hana uwezo wa kulielewa.

Jambo hilo la pili halikuzuka Ufaransa na filamu hii. Mwishoni mwa mwaka 2010 jarida la mitindo la Vogue la Paris lilichapisha picha za wasichana wadogo waliopakwa vipodozi na kuvishwa vito kama wanawake wazima, kukawa na ghadhabu kubwa. Mwaka 2012 seneta Chantal Jouanno aliwasilisha ripoti kuhusu suala hilo, na sheria ya Agosti 2014 ikapiga marufuku mashindano ya urembo kwa watoto walio chini ya miaka 13, huku yale ya wenye umri wa kati ya hapo na miaka 16 yakihitaji kibali maalumu. Doucouré alipoanza kuandika, kwa hiyo, alikuwa anaingia katika mazungumzo ambayo nchi yake ilikuwa nayo tayari. Mwenyewe ameeleza kwamba wazo lilimjia katika sherehe moja ya mtaani jijini Paris, alipowaona wasichana wa umri wa miaka 11 hivi wakipanda jukwaani na kucheza ngoma asiyoitarajia kwa watoto, mbele ya wazazi wao, na kwamba baada ya hapo alitumia takribani mwaka mmoja na nusu kuzungumza na zaidi ya wasichana mia moja wa rika hilo kuhusu jinsi wanavyojiona.

Chumba kilichofungwa

Mhusika mkuu ni Amy, mwenye miaka 11, ambaye amehamia pamoja na mama yake, Mariam, na wadogo zake katika jengo la ghorofa kwenye mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Paris. Baba yuko Senegali. Katika nyumba hiyo mpya kipo chumba ambacho watoto hawaruhusiwi kuingia, na siri yake haichukui muda kufichuka: kinaandaliwa kwa ajili ya mke wa pili, ambaye baba amekwenda kumwoa.

Namna Amy anavyoipata habari hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote katika filamu nzima, na ni ajabu kwamba katika makelele yote yaliyofuata karibu hakuna aliyeizungumzia. Mtoto amejificha mvunguni mwa kitanda cha mama yake. Mama anaketi kitandani na, kwa shinikizo la bibi mmoja wa ukoo ambaye humo wanamwita shangazi, anawapigia simu jamaa na marafiki kuwajulisha kwamba mumewe ameongeza jiko. Sauti yake ni ya uchangamfu. Anapokea pongezi, anaiombea ndoa hiyo heri, anafanya kila kinachotarajiwa kwa mke mkubwa mwenye adabu. Simu ikikatika, sauti ile inavunjika. Kamera haitoki mvunguni. Inabaki na mtoto, nasi tunaona miguu ya mama tu, tukisikia yaliyobaki. Uso wake hatuoni, wala hatuhitaji kuuona.

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili uke wenza si habari ya kushangaza, lakini inafaa kujua jinsi unavyokaa kisheria katika hadithi hii, kwa kuwa ndipo uzito wa kile chumba unapopatikana. Sheria ya Familia ya Senegali ya mwaka 1972 inampa mwanamume hiari ya kuchagua, anapofunga ndoa, kama atakuwa na mke mmoja, wake wasiozidi wawili, au hadi wanne. Ufaransa hairuhusu mtu aliye katika ndoa kufunga nyingine, na tangu mwaka 1993 imekuwa ikikataa kutoa kibali cha ukaazi kwa mke wa pili anayekuja kuishi na mume aliye na mke mwingine nchini humo. Filamu haiingii katika karatasi za uhamiaji. Mtazamaji wa Ufaransa, hata hivyo, anaijua hali hiyo, na chumba kilichofungwa kinakuwa kwake siri mara mbili: siri ya nyumbani na siri mbele ya serikali.

Shangazi huyo anastahili kutajwa zaidi kidogo. Aliyemwigiza ni Mbissine Thérèse Diop, yule yule aliyekuwa mhusika mkuu mwaka 1966 katika La Noire de..., filamu ya Ousmane Sembène kuhusu mtumishi wa nyumbani wa Kisenegali anayepelekwa Ufaransa na kuvunjwa moyo huko. Sidhani kama uteuzi huo ulikuwa wa bahati. Shangazi si katili wa kuchorwa kwa mkaa. Anampenda Amy kwa namna anayoijua, anamfundisha kupika kwa ajili ya harusi inayokuja, na anapogundua kwamba mtoto amevunja ungo, anafurahi na kumwambia kwamba yeye katika umri huo huo alikuwa ameshachumbiwa. Analisema kama habari njema. Amy anasikiliza huku akihangaika na vitunguu.

Nje ya nyumba kuna shule nyingine. Wasichana wanne wa rika lake wanajiandaa kwa mashindano ya kucheza, nao wana kila asichokuwa nacho: kelele, kujiamini, urafiki, nguo ambazo mama yake asingezinunua. Amy anaiba simu ya ndugu yake na kupitia simu hiyo anatazama video za wanawake wazima wakicheza, anaona idadi ya watu wanaozipenda, kisha anapeleka kikundini alichojifunza. Kikundi kinamkubali. Picha anazoziweka mtandaoni zinapata wafuasi, na kila mfuasi mpya ni uthibitisho kwamba yupo.

Hapa ndipo watu wengi wanapoipoteza filamu. Wanadhani inaweka dini na mila upande mmoja, ngoma na uhuru upande wa pili, kisha inamwambia mtoto akimbilie upande wa pili. Muhtasari wa kwanza ambao Netflix iliuweka chini ya jina la filamu ulidokeza hivyo hivyo, kwamba msichana anaanza kuugundua uanamke wake kwa kuasi mila za familia. Lakini mfuate mtoto hatua kwa hatua. Ameona mama yake akitii kila kitu, na zawadi ya utii huo ikawa mke mwenza. Kwa mantiki ya mtoto wa miaka 11, anayetii anasahaulika na anayetazamwa anabaki. Simu inamfundisha namna ya kutazamwa. Shangazi anamwambia kwamba mwili wake tayari ni wa kuolewa, nayo simu inamwambia kwamba mwili wake tayari ni wa kushangiliwa, na kati ya walimu hao wawili hakuna hata mmoja anayemwambia kwamba bado ni mtoto. Somo ni moja, sare tu ndizo tofauti.

Wala filamu haimalizi kwa kumpa ngoma ushindi. Siku ya mashindano, ambayo ndiyo siku ya harusi ya baba, Amy anakwama katikati ya onyesho, anaanza kulia, anaondoka jukwaani na kukimbilia kwa mama yake. Shangazi anaanza kumtukana kwa nguo alizovaa. Mama anamkingia kifua binti yake na kumwambia kwamba halazimiki kuhudhuria harusi. Yeye mwenyewe mama anakwenda, kwa kuwa anaona ni wajibu wake. Amy anaziacha nguo za jukwaani na pia lile vazi aliloandaliwa kwa ajili ya sherehe, anavaa suruali ya jinzi na shati, anashuka chini kuruka kamba na watoto wenzake.

Bango

Sasa turudi kwenye dai kwamba Netflix ndiyo iliyotengeneza filamu hii. Ilitayarishwa na kampuni ya Kifaransa ya Bien ou Bien Productions, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2020 katika tamasha la Sundance nchini Marekani, ambako Doucouré alipewa tuzo ya uongozaji katika kundi la filamu za kimataifa. Netflix ilinunua haki za kuionyesha nje ya Ufaransa. Ndani ya Ufaransa ilisambazwa sinemani na kampuni nyingine, BAC Films, kuanzia tarehe 19 Agosti 2020, ikiwa na bango linaloonyesha wasichana wakitembea barabarani wakicheka, mikononi wana mifuko ya madukani, vikaratasi vya rangi vikiruka hewani. Ni bango la watoto waliotoroka kwenda kutumia pesa.

Siku zile zile Netflix, ikijiandaa kuizindua kwingineko duniani, iliweka bango lake: wasichana jukwaani, katika nguo za mashindano na mikao ya mashindano. Sina haja ya kulieleza zaidi ya hapo. Lilichukua dakika ambayo ndani ya filamu ni ya kuanguka kwa mhusika na kuitangaza kana kwamba ndiyo raha ya filamu nzima. Hasira iliyofuata ilikuwa halali. Tarehe 20 Agosti kampuni ilikiri kwamba picha ile haikufaa na haikuwakilisha filamu, ikaomba radhi, ikabadilisha picha pamoja na maelezo. Doucouré amesema hakuwa ameliona bango hilo kabla halijatoka, kwamba alianza kupokea vitisho vya kuuawa kutoka kwa watu ambao hawakuwa wameiona kazi yake, na kwamba Ted Sarandos, mmoja wa wakuu wa Netflix, alimpigia simu kumwomba msamaha.

Tazama kalenda. Filamu iliwekwa kwenye Netflix tarehe 9 Septemba. Kwa karibu wiki tatu, kwa hiyo, Marekani ilibishana kuhusu filamu ambayo, ukiacha wachache waliohudhuria Sundance, hakuna mtu nchini humo aliyekuwa ameitazama. Ilipofika siku ya kutazamwa, hukumu ilikuwa imeshatolewa. Vipande vya sekunde chache vilikatwa na kusambazwa, wito wa kujitoa Netflix ukaenea, maombi ya mtandaoni ya kutaka iondolewe yakakusanya sahihi za mamia ya maelfu, na seneta Ted Cruz wa Texas akamwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani akitaka uchunguzi. Uturuki, kupitia mamlaka yake ya utangazaji, iliiagiza Netflix iiondoe filamu hiyo kwa watazamaji wa nchi hiyo. Katika sinema za Paris iliendelea kuonyeshwa bila makelele ya kiwango hicho.

Je, kuonyesha ni kuunga mkono?

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba kosa lote lilikuwa la idara ya matangazo. Halikuwa lote. Wapo watu walioitazama filamu mwanzo hadi mwisho, wakamwelewa Doucouré, wakakubaliana na lengo lake, na bado wakasema kwamba baadhi ya picha zake hazikupaswa kupigwa. Hoja yao haijibiwi kwa kusema kwamba hawakuelewa.

Mfikirie mwalimu anayetaka kukemea tusi linalosambaa darasani. Pengine atalazimika kulitamka mara moja ili wanafunzi wajue anakemea nini. Akilitamka mara tano, kwa sauti ya juu, kwa madoido, akiligeuza geuza mdomoni, nia yake itabaki njema lakini darasa litatoka limejifunza tusi. Mwongozaji wa filamu ana tatizo hilo hilo, na kwake ni kubwa zaidi, kwa kuwa kamera haina sauti ya kukemea. Ina umbali, muda na pembe. Ikisogea karibu na mwili wa mtoto na kukaa hapo, huko kusogea kwenyewe ndiko inakosema.

Katika onyesho la mashindano Doucouré anajitahidi kutuwekea shahidi: anageuza kamera kwa watazamaji waliokaa viwanjani, wengi wao wakiwa wamekunja nyuso, ili nasi tujione tumekaa miongoni mwao na tuone aibu. Mbinu hiyo inafanya kazi. Lakini kabla ya hapo kuna maonyesho ya mazoezi yaliyopigwa na kuhaririwa kwa lugha ya video za muziki, kwa picha za karibu na muziki wa kuchangamsha, bila shahidi yeyote ndani ya picha. Watetezi wanasema kwamba filamu inaiga makusudi lugha ya mitandao ili tuone mtoto anavyojiona. Sawa. Ila anayeiga kitu kikamilifu amekitengeneza kingine cha aina hiyo, na mara tu kipande hicho kinapokatwa na kutupwa mtandaoni, nia ya mtengenezaji haisafiri nacho. Mwaka 2020 hilo lilikuwa linajulikana na kila mtu, hasa mtu aliyekuwa anatengeneza filamu kuhusu mtandao.

Maoni yangu ni kwamba filamu inajihukumu yenyewe kwa lile onyesho la mvunguni. Mwongozaji aliyeweza kutufanya tuelewe kuvunjika kwa mwanamke mzima kwa kutuonyesha miguu yake tu, kutoka mvunguni, alikuwa na uwezo wa kutuelewesha kupotea kwa binti yake kwa picha chache zaidi na kutoka mbali zaidi. Alijua namna ya kutoonyesha. Katika maonyesho kadhaa ya ngoma hakuitumia, na huo ni upungufu wa kisanaa ambao unageuka kuwa wa kimaadili kwa sababu aliye mbele ya kamera ni mtoto wa kweli.

Watoto walioigiza

Hao watoto wa kweli walilindwaje? Wengi wanadhani waliokotwa mtaani na kuamriwa kucheza. Nchini Ufaransa mtoto aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuigiza katika filamu bila kibali cha serikali, kinachotolewa na mkuu wa mamlaka ya mkoa baada ya tume kuupitia mradi pamoja na hali ya afya na masomo ya mtoto. Saa zake za kazi kwa siku zina kikomo kulingana na umri, na sehemu ya malipo yake huwekwa katika mfuko wa umma uitwao Caisse des dépôts hadi atimize miaka 18, wazazi wasiweze kuigusa. Doucouré ameeleza kwamba pamoja na hayo mtaalamu wa saikolojia ya watoto alikuwa pamoja na waigizaji wakati wa upigaji picha, na kwamba alizungumza nao na wazazi wao kuhusu maana ya kila walichokuwa wakikifanya. Watoto hao hawaonyeshwi uchi katika filamu. Msichana aliyemwigiza Amy alishinda mwaka 2021 tuzo ya César, ambayo ni tuzo kuu ya filamu ya Ufaransa, katika kundi la waigizaji wa kike chipukizi.

Hayo yote yanajibu swali la kilichotokea wakati wa utengenezaji. Hayajibu swali la miaka inayofuata, kwani kibali cha mkoa kinaisha siku ya mwisho ya kazi, na picha haina siku ya mwisho. Mzazi aliyetia sahihi alikubali filamu yenye mwanzo na mwisho. Hakuna aliyemwomba akubali kipande cha sekunde 30 kinachozunguka katika simu za watu asiowajua. Sheria za kazi za watoto zilitungwa ili kuwakinga na uchovu, utoro wa shule na wazazi wenye tamaa ya fedha. Hatari hii haikuwemo katika hesabu zake.

Kesi ya Texas

Linabaki dai la kupigwa marufuku. Mwezi Septemba 2020, katika kaunti ya Tyler, eneo la mashambani mashariki mwa Texas, jopo la raia liliamua kwamba Netflix ishtakiwe kwa kusambaza picha chafu za mtoto. Neno «jopo» limewapotosha wengi. Katika utaratibu wa Marekani, jopo la aina hiyo husikiliza upande wa mwendesha mashtaka peke yake na huamua tu kama kuna sababu ya kufungua kesi, halitoi hatia. Mwendesha mashtaka, Lucas Babin, kabla ya kuingia katika sheria aliwahi kuwa mwigizaji katika filamu za Hollywood, jambo lisilobadilisha chochote kisheria lakini linaloifanya habari hii iwe ya ajabu kidogo.

Sheria aliyoitumia ilikuwa na masharti kadhaa, likiwemo kwamba picha husika isiwe na thamani ya dhati ya kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi. Sharti hilo ndilo linalokataza kupima kipande peke yake: kazi hupimwa ikiwa nzima, na Mahakama Kuu ya Marekani ilishaweka msingi wa namna hiyo mwaka 1973 kuhusu vitu vichafu kwa jumla. Picha za unyanyasaji wa watoto kingono ziko katika kundi jingine kabisa, ambalo halina kinga yoyote ya uhuru wa maoni, na ndiyo sababu kulitaja kundi hilo kiholela, kama walivyofanya wanasiasa kadhaa, kulizidisha mkanganyiko: kulimfanya mtu wa kawaida ajiulize kwa nini uhalifu wa wazi haukamatwi, ilhali wachache sana miongoni mwa wanasheria waliona kwamba filamu hiyo ilifika huko.

Mahakama ya rufaa ya Texas, katika kesi nyingine isiyohusiana na filamu, iliona kwamba sheria ile inakiuka katiba. Babin akapata mashtaka mapya chini ya sheria tofauti. Netflix ikakimbilia mahakama ya shirikisho mwaka 2022, na mwezi Novemba wa mwaka huo jaji akatoa amri ya muda ya kuyasimamisha. Desemba 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao yake New Orleans iliiunga mkono amri hiyo, ikiona dalili kwamba mashtaka hayakuendeshwa kwa nia njema. Hakuna hatua yoyote katika mlolongo huo ambapo filamu ilipigwa marufuku Marekani, wala ambapo Netflix ilitiwa hatiani.

Kuhusu Uislamu

Baadhi ya Waislamu walikuwa na lalamiko lao, tofauti na la Wamarekani: kwamba filamu inaipaka matope dini kwa kuonyesha nyumba ya Kiislamu yenye huzuni, na swala sambamba na siri. Naelewa lilikotoka. Wahamiaji Waislamu nchini Ufaransa wamechoka kutazamwa kama tatizo, na kila hadithi inayowahusu inabeba mzigo huo. Lakini kuna onyesho moja ambalo wenye lalamiko hili wangelitazama kwa makini. Mambo ya Amy yanapozidi, mama anamwita mtu wa dini aje amwangalie, akihofia kwamba binti amepagawa. Mtu huyo hasemi kwamba kuna pepo. Anamwambia haoni shetani yeyote kwa mtoto, kisha anamgeukia mama mwenyewe na kumwambia, kwa upole, kwamba anaijua shida anayopitia na kwamba ikiwa mzigo wa ndoa hiyo umemzidi, ana haki ya kuondoka. Katika nyumba iliyojaa watu wanaomhimiza avumilie, sauti pekee inayomfungulia mlango inatoka kwa msomi wa dini.

Mama hautumii mlango huo. Doucouré, ambaye tayari filamu yake fupi ya mwaka 2015, Maman(s), ilikuwa inausimulia uke wenza kwa macho ya mtoto na kumpatia tuzo ya César, hakutaka kumwandikia Mariam ushujaa ambao pengine hakuuona kwa wanawake waliomlea. Waliotaka filamu iseme kwamba dini ni jela walikosa walichokitafuta, kama walivyokosa wale waliotaka iseme kwamba mila itaokoa watoto na simu.

Kuhusu nani aitazame, majibu ya kiserikali yanatofautiana kwa sababu mifumo inatofautiana. Ufaransa haiiachi filamu iingie sinemani bila kibali cha Waziri wa Utamaduni, kinachotolewa baada ya ushauri wa tume, na daraja zake za umri ni chache: watu wote, miaka 12, 16 na 18. Filamu nyingi hupewa daraja la watu wote, kwa kuwa Wafaransa huamini kwamba kazi ya dola ni kuzuia yaliyopita kiasi, na yaliyobaki ni ya mzazi. Netflix nchini Marekani iliiweka filamu hii katika daraja la watu wazima. Kwa upande wangu naona daraja hilo ni sahihi, ingawa linaleta hali ya kuchekesha kidogo, kwamba filamu inayomhusu mtoto wa miaka 11 haimfai mtoto wa miaka 11. Doucouré mwenyewe amekuwa akisema anazungumza na jamii ya watu wazima. Mzazi anayefikiria kuitazama na binti aliyekwishabaleghe ni vizuri aitazame kwanza peke yake, dakika zote 96, kisha aamue ni maonyesho yapi yuko tayari kuyajibia maswali, akikumbuka kwamba maswali magumu zaidi huenda yasitoke kwenye ngoma. Huenda yakatoka kwenye zile simu ambazo Mariam anazipiga kitandani.